Dirisha Linalofunguliwa Mara Mbili kwa Mwaka

Kuna kitabu cha mwanahabari Eric Berger kinaitwa Liftoff, kilichotoka 2021, kinachosimulia miaka ya mwanzo ya kampuni ya SpaceX. Nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikisoma kama wengi wanavyokisoma, kwa ajili ya moto na moshi: vijana wa Marekani wamejazana kwenye kisiwa kidogo cha matumbawe, Omelek, huko Visiwa vya Marshall katikati ya Pasifiki, wanajaribu kurusha roketi ya Falcon 1 huku chumvi ya bahari ikitafuna kila kitu. Mara ya pili nilikuwa natafuta kitu kimoja tu. Karatasi. Yaani zile hisa walizoahidiwa vijana hao pamoja na mshahara wao, na nani hasa alizifanya ziwe pesa.

Vitabu vya roketi vinapenda injini kuliko mikataba, na siwalaumu waandishi. Injini inalipuka, mkataba haulipuki. Lakini ukitaka kujua historia ya kazi katika viwanda vya anga vya Marekani kwa miaka 50 hii, utaikuta kwenye karatasi zaidi kuliko kwenye moto.

Chukua Agosti 2008. Falcon 1 ya kwanza ilikuwa imeanguka Machi 2006 kwa sababu ya nati ndogo ya alumini iliyoliwa na chumvi na kuvujisha mafuta. Ya pili ilishindwa Machi 2007. Ya tatu ikashindwa mwanzoni mwa Agosti 2008. Elon Musk, aliyeanzisha kampuni mwaka 2002 kwa utajiri alioupata PayPal ilipouzwa kwa eBay, alikuwa anaelekea kuishiwa. Kilibaki kifaa cha kutosha roketi moja. Ikapakiwa kwenye ndege ya jeshi aina ya C-17, na ndege ilipokuwa inashuka tangi la roketi likaanza kubonyea kwa tofauti ya mgandamizo wa hewa. Wahandisi wakaipeleka Omelek hivyo hivyo, wakaitengeneza kule kule kisiwani, na tarehe 28 Septemba 2008 ikafika kwenye mzunguko wa dunia. Desemba mwaka huo NASA ikaipa kampuni mkataba wa dola bilioni 1.6 wa kupeleka mizigo kwenye kituo cha anga.

Sasa jiulize: kati ya roketi ya tatu na ya nne, ahadi ya hisa ya mhandisi wa Omelek ilikuwa na thamani gani? Hakukuwa na soko la kuiuza. Hakukuwa na bei gazetini. Angeipeleka benki kama dhamana wangemcheka. Kitu pekee kilichofanana na bei kilikuwa kile alichokubali kulipa mtu wa nje, na mtu huyo alikuwepo: Founders Fund, mfuko wa mitaji wa San Francisco, uliotia dola milioni 20 mwaka huo huo wa 2008, kampuni ikiwa bado na rekodi mbaya. Kwa mfanyakazi, pesa zile zilikuwa mafuta ya kuendelea na kazi, na wakati huo huo zilikuwa bango la kwanza la kumwambia kwamba karatasi yake si tupu kabisa.

Hebu tushuke kidogo kwenye karatasi yenyewe, maana bila kuielewa hadithi yote hii haishiki.

Mhandisi anaajiriwa na kampuni ambayo haiko kwenye soko la hisa. Juu ya mshahara anapewa haki ya kununua hisa, tuseme 10,000, kwa bei iliyoandikwa leo, hata kama atazinunua miaka kadhaa baadaye. Hapewi zote siku moja; zinakomaa kidogo kidogo, mara nyingi kwa miaka 4 au 5, ili asiondoke mapema. Rafiki yangu mmoja anayeandika programu Nairobi aliwahi kunionyesha barua ya ajira yenye ahadi ya namna hii. Nikamuuliza, hisa hizi ni kati ya ngapi? Barua haikusema. Ukipewa vipande vinne vya keki bila kuambiwa keki imekatwa vipande vingapi, bado hujui umepewa nini.

Halafu anaingia mwekezaji wa kitaasisi. Hapa sizungumzii tajiri mmoja mwenye pesa zake. Ni wale wanaosimamia pesa za watu wengine: mifuko ya pensheni, mifuko ya uwekezaji, kampuni za bima, kampuni za kununua makampuni. Anapoingia, mambo matatu yanatokea kwa pamoja.

Kwanza, zinatengenezwa hisa mpya kwa ajili yake. Kama kampuni ilikuwa na hisa milioni 10, zile 10,000 za mhandisi wetu zilikuwa asilimia 0.1. Zikiongezwa milioni 2.5 za mwekezaji, yeye anabaki na asilimia 0.08, na wala hakuna aliyemgusa. Anaweza kuwa tajiri zaidi kwa sababu keki imekua, lakini kipande kimepungua.

Pili, bei. Bei anayolipa mwekezaji ndiyo inayovuta juu thamani ya hisa zote, zikiwemo za wafanyakazi, hata kama za wafanyakazi hukadiriwa chini kidogo. Aliyeajiriwa mwaka jana anafurahi. Atakayeajiriwa mwezi ujao anapewa haki ya kununua kwa bei mpya, ya juu, kwa hiyo faida yake inaanzia mbali. Watu wawili wanakaa dawati moja, wanakaza bolti zile zile, mmoja atajenga nyumba kwa hisa zake na mwingine atabadilisha gari. Na kodi nayo inapanda: Marekani, mtu anayetumia haki yake na kununua hisa anaweza kudaiwa kodi ya thamani ambayo hajaiona kwa macho, kwa sababu hisa zenyewe bado haziuziki.

Tatu, foleni. Mwekezaji wa kitaasisi kwa kawaida hachukui hisa za kawaida kama za mhandisi. Anachukua hisa za upendeleo, na upendeleo wenyewe ni kwamba mambo yakiharibika yeye analipwa kwanza. Wadai wanatangulia wote, kisha yeye, kisha mfanyakazi kama kimebaki kitu. Kampuni ikiuzwa vizuri foleni haina maana, kila mtu anashiba. Ikiuzwa vibaya, foleni ndiyo kila kitu.

Hili si nadharia. Mwaka 2016 kampuni ya Firefly Space Systems ya Texas, iliyokuwa inajenga roketi ndogo, ilimtegemea mwekezaji mkubwa ambaye alijitoa. Karibu wafanyakazi wote wakapelekwa likizo bila malipo. Machi 2017 mali za kampuni zikauzwa kwa mnada, zikanunuliwa na kampuni iliyofungamana na Noosphere Ventures ya Max Polyakov, na ikazaliwa kampuni mpya, Firefly Aerospace. Angalia neno: mali. Mitambo, michoro, viwanja vya kujaribia injini. Hisa za kampuni ya zamani hazihami na mitambo. Mtu aliyelipwa sehemu ya jasho lake kwa hisa za Firefly ya kwanza angeweza kuajiriwa tena na Firefly ya pili, akarudi kwenye jengo lile lile, na karatasi yake ya zamani isimsaidie hata kununua chai. Kampuni mpya baadaye ilipita mikononi mwa AE Industrial Partners mwaka 2022, ikatua mwezini Machi 2025, na Agosti 2025 ikaingia soko la hisa kwa dola 45 kila hisa. Roketi zilikuwa na mwisho mwema, karatasi za kwanza hazikuwa nao.

Lakini kwa nini makampuni haya hayaingii sokoni mapema, watu wakauza hisa zao kama wanavyouza watu wa Boeing au Lockheed? Jibu lina sheria ndani yake, na nitalipitia haraka kwa sababu sheria za hisa si kitu cha kumsomea mtu usiku.

Tangu 1964 sheria za Marekani zilikuwa na kizingiti: kampuni ikiwa na wenye hisa 500 na mali za kiwango fulani, ilibidi ianze kutoa hesabu zake hadharani kama kampuni ya sokoni. Ukishalazimika kuanika hesabu, basi afadhali uingie sokoni kabisa. Google mwaka 2004 na Facebook mwaka 2012 zilisukumwa na kizingiti hicho, kwa sehemu, kwa sababu ziliwapa hisa wafanyakazi wengi. Aprili 2012 Rais Obama akatia saini sheria iliyojulikana kama JOBS. Kizingiti kikapanda hadi watu 2,000, na wafanyakazi waliopewa hisa kama sehemu ya malipo hawahesabiwi tena. Kwa lugha ya mtaani, kampuni sasa ingeweza kuwapa hisa wafanyakazi elfu kumi na ikabaki na pazia lake. Lango la zamani la wafanyakazi, lile lililofunguka lenyewe kwa wingi wao, lilifungwa kwa sheria ambayo kifupi cha jina lake kinamaanisha ajira. Wamarekani nao wana ucheshi wao.

Kabla ya hapo kulikuwa na mtu mmoja aliyejaribu njia nyingine, na ningependa ajulikane zaidi. J. Robert Beyster, mwanafizikia, alianzisha kampuni ya SAIC mwaka 1969 huko La Jolla, California. Ilifanya utafiti na uhandisi kwa ajili ya jeshi, serikali na baadaye NASA. Beyster aliamini kwamba kampuni iwe ya wanaofanya kazi ndani yake, akagawa hisa mpaka yeye mwenyewe akabaki na sehemu ndogo. Tatizo likawa lile lile: hisa bila soko. Akaunda soko la ndani, na dalali wa ndani aitwaye Bull, Inc. Bodi ilipanga bei kwa kanuni, na mara nne kwa mwaka wafanyakazi waliuziana wao kwa wao. Hakuna mfuko wa pensheni, hakuna mtaji wa nje. Iliendelea hivyo miaka zaidi ya 30, wafanyakazi wakawa maelfu kwa maelfu. Ila waliostaafu walitaka pesa zao, na kampuni ndiyo iliyobidi izitoe. Beyster alipoondoka, waliomfuata wakaingiza SAIC sokoni, Oktoba 2006. Mwaka uliofuata akatoa kitabu kuelezea mfumo aliouacha.

Nataja SAIC kwa sababu inaonyesha taasisi inaleta nini hasa. Inaleta mnunuzi. Soko la ndani la Beyster lilikuwa la haki, lakini lilikuwa kama kijiji ambacho watu wote ni wauza samaki. Mtu akitokea mjini na fedha taslimu, hata kama ana masharti yake, atapokelewa kwa shangwe.

Na kwa SpaceX watu wa mjini walitokea kwelikweli. Januari 2015 Google na Fidelity kwa pamoja walitia dola bilioni 1, wakapata karibu asilimia 10 ya kampuni, maana yake kampuni nzima ilikadiriwa kuwa na thamani ya kama dola bilioni 10. Fidelity ni mfuko unaoshika akiba za uzeeni za Wamarekani wa kawaida. Mfuko wa aina hiyo unapaswa kutoa ripoti ya thamani ya kila kitu ulicho nacho, ikiwemo hisa za kampuni isiyo sokoni. Kwa hiyo mhandisi wa Hawthorne, California, ambaye hesabu za mwajiri wake hazichapishwi popote, angeweza kufungua ripoti ya mfuko wa watu baki na kuchungulia hisa zake zinakadiriwa kiasi gani. Hapo kuna kichekesho na kuna msaada.

Wakafuata wengine. Scottish Mortgage, mfuko wa Edinburgh ulioanzishwa 1909 kwa ajili ya kukopesha wenye mashamba ya mpira Malaya, nao ukanunua. Juni 2019 mfuko wa pensheni wa walimu wa Ontario, Kanada, ukatangaza kwamba umewekeza. Hebu fikiria: mwalimu mstaafu wa hesabu huko Toronto ana punje yake kwenye roketi, pengine bila habari. Na yeyote anayelipia Starlink Kenya tangu ilipoanza huko Julai 2023 anaongeza chumvi kidogo kwenye chungu cha mwalimu huyo.

Lakini pesa hizi hazikununua usukani. Nyaraka zilizowasilishwa kwa mamlaka ya mawasiliano ya Marekani mwaka 2016 zilionyesha kwamba Musk, kupitia amana yake, alikuwa na asilimia 54 ya hisa na asilimia 78 ya kura. Taasisi zilinunua nafasi ya kuwemo. Ndiyo maana nasema kila mara kwamba tusimtazame mwekezaji wa kitaasisi kama bwana mkubwa anayeamrisha. Katika SpaceX alikuwa kwenye foleni, kofia mkononi, akiomba auziwe. Na anayeomba kuuziwa hatetei masharti ya mfanyakazi.

Hapo ndipo linapoingia dirisha. Juni 2013 Musk aliwaandikia wafanyakazi wake waraka, ambao Ashlee Vance aliuchapa katika kitabu chake cha mwaka 2015. Aliwaambia kwamba kuingia sokoni kabla vyombo vya kwenda Mars havijaanza safari za kawaida kungeharibu lengo la kampuni, na akataja aliyoyaona Tesla na SolarCity zilizokuwa tayari sokoni. Ilibidi basi apatikane mbadala. Mbadala ukawa ni kampuni kupanga, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, kipindi maalumu ambacho wafanyakazi wanaruhusiwa kuuza sehemu ya hisa zao kwa bei iliyopangwa. Wanunuzi ni taasisi zilizoalikwa, na wakati mwingine kampuni yenyewe.

Pesa iliyopita hapo si mchezo. Oktoba 2021 bei ilikuwa dola 560 kwa hisa, thamani ya kampuni dola bilioni 100. Februari 2022 kila hisa ikagawanywa kuwa 10. Desemba 2024 bei ikawa dola 185, thamani dola bilioni 350, na katika dirisha hilo moja iliripotiwa kwamba hisa za dola bilioni 1.25 zingenunuliwa, milioni 500 kati ya hizo na kampuni yenyewe. Piga hesabu: mtu aliyekuwa na hisa 100 mwaka 2021, zenye thamani ya dola 56,000, alikuwa na hisa 1,000 zenye thamani ya dola 185,000 miaka mitatu baadaye, bila kampuni kuwahi kugonga kengele ya soko lolote. Watu wamemaliza mikopo ya vyuo kwa hisa hizo, wamenunua nyumba, wameanzisha makampuni yao. Nikisikia mtu anasema hisa za wafanyakazi ni ulaghai mtupu, namkumbusha hesabu hiyo.

Ila dirisha si mlango. Mlango wa nyumba yako unaufungua unapotaka. Dirisha hili kampuni ndiyo inayochagua siku, bei, kiasi cha kuuza, na nani aruhusiwe kusogea. Machi 2024 tovuti ya TechCrunch iliripoti, kwa kuangalia nyaraka za ndani, masharti yaliyoambatana na hisa za SpaceX. Mtu akiondoka kwa sababu yoyote ile, kampuni ina miezi sita ya kuweza kununua hisa zake zilizokwisha komaa. Akifukuzwa kwa kosa, inaweza kuzinunua kwa dola 0. Na ilijiwekea haki ya kumzuia mfanyakazi, wa sasa au wa zamani, asishiriki kwenye dirisha ikiona amefanya jambo lisilo la uaminifu dhidi ya kampuni au amevunja sera zake za maandishi.

Soma tena: zilizokwisha komaa. Yaani si zile za kusubiri, ni zile ambazo mtu ameshazifanyia kazi akazimaliza. Na kampuni ikishamzuia dirishani, hana pengine pa kuuzia, maana kuuza nje bila idhini ya kampuni hairuhusiwi. Ana mali ya maelfu ya dola ambayo hawezi kuigusa mpaka aliyemfukuza apende.

Juni 2022 kundi la wafanyakazi wa SpaceX liliandika barua ya wazi ndani ya kampuni kulalamikia mwenendo wa Musk hadharani. Kadhaa wakafukuzwa, na Januari 2024 bodi ya serikali inayoshughulikia mahusiano kazini ikafungua mashtaka kuhusu wanane kati yao. Kampuni ikajibu kwa kuishtaki bodi. Mimi ninachokitazama ni wale ambao hawakusaini. Mtu ana watoto, ana hisa za miaka sita, dirisha linafunguliwa baada ya miezi michache. Anaisoma barua, anakubaliana nayo kila neno, anafunga kompyuta anaenda kula. Ukimya wa namna hiyo una bei, na bei yake imewekwa na mfuko wa pensheni ambao haujawahi kumsikia.

Hivyo ndivyo ninavyoielewa athari ya taasisi kwenye hisa za wafanyakazi. Pesa zao ndizo zilizomwezesha mwajiri kukaa nje ya soko zaidi ya miaka 20. Soko la wazi lina mabaya yake mengi, lakini haliulizi muuzaji kama amekuwa mwaminifu kwa bosi wake.

Je, ingewezekana vinginevyo? Iliwezekana. Sio California, Kansas.

Wichita, Kansas, ni mji wa ndege. Kiwanda cha Boeing pale kilitengeneza ndege za kudondosha mabomu za B-29 wakati wa Vita Kuu ya Pili, na baadaye viwiliwili vya ndege za 737 vinavyosafirishwa kwa treni hadi Renton, jimbo la Washington, kuunganishwa mabawa. Mwaka 2005 Boeing iliamua kuuza kiwanda hicho pamoja na vingine vya Oklahoma. Mnunuzi alikuwa Onex, kampuni ya Toronto inayonunua makampuni kwa pesa zake na za taasisi nyingine, inayanyoosha, kisha inayauza. Bei ilikuwa kama dola milioni 900 taslimu. Kampuni mpya ikaitwa Spirit AeroSystems.

Onex ilikuja na masharti makali. Mamia ya wafanyakazi hawakuitwa tena. Mafundi wa chama cha IAM walikatwa mshahara kwa asilimia 10. Ukisimama hapo, hii ni hadithi ya kawaida ya kampuni za aina hiyo, na watu wa Wichita wangekuwa na haki ya kutema mate. Lakini chama kilidai kitu badala ya ile asilimia 10: mafundi wawe na haki ya kugawiwa sehemu ya ongezeko la thamani siku Onex itakapouza au kuipeleka kampuni sokoni. Kikaandikwa kwenye mkataba wa pamoja. Sio barua ya mtu mmoja mmoja iliyosainiwa siku ya kwanza ya kazi huku mtu akiona aibu kuuliza maswali. Ni mkataba wa mafundi wote, uliojadiliwa wakati Onex bado inawahitaji ili biashara ifungwe.

Siku hiyo ilikuja mapema kuliko yeyote alivyotarajia. Novemba 2006, miezi 17 tu baada ya ununuzi, Spirit iliingia Soko la Hisa la New York kwa dola 26 kwa hisa. Kila fundi wa chama aliyehusika akapata zaidi ya dola 60,000, sehemu taslimu na sehemu hisa. Mpanga riveti na fundi umeme walipata sawa. Hakuna aliyeulizwa kama amewahi kumsema vibaya meneja.

Wapo wanaosema Wichita ni bahati: soko la ndege lilikuwa juu, Onex ilitaka kutoka haraka. Kweli. Mwaka 2008 ungewakuta bado hawajaingia sokoni, hesabu ingekuwa nyingine kabisa. Lakini bahati iliwakuta na karatasi nzuri mkononi. Wahandisi wa SpaceX walikutwa na bahati kubwa zaidi, mara nyingi zaidi, na karatasi mbaya zaidi. Mwekezaji wa Wichita alikuwa mkali kuliko Fidelity. Alikata mishahara, Fidelity haikukata ya mtu. Tofauti ni kwamba mafundi walikaa naye meza moja kabla pesa hazijaingia. Hawthorne wawekezaji walizungumza na Musk peke yake.

Sitaki kuipamba Wichita. Kufikia 2014 Onex ilikuwa imeshauza hisa zake zote na kuondoka na faida nono. Mafundi walibaki na kiwanda. Juni 2023 walikataa mkataba mpya na kugoma kwa siku chache. Madai yalikuwa mishahara, gharama za dawa kwenye bima, na kulazimishwa kufanya kazi wikendi. Januari 2024 kipande cha ukuta kikachomoka hewani kwenye 737 MAX 9 ya Alaska Airlines, kwenye kiwiliwili kilichotoka Wichita. Julai mwaka huo Boeing ikatangaza kwamba inainunua tena Spirit, kwa hisa zake yenyewe, dola 37.25 kwa kila hisa ya Spirit. Fundi aliyekaa na zile hisa za dola 26 tangu Novemba 2006, bila kuhesabu magawio, alikuwa amepata nyongeza ya asilimia 43 hivi kwa karibu miaka 18. Wengi nadhani walikuwa wameshaziuza zamani, siku waliyotaka wenyewe.